Mtutu Mpya kwa Bunduki ya Marehemu

Viko vitu ambavyo mtu huvinunua kwa macho, kama shati au kuku, na viko vingine ambavyo huvinunua kwa masikio, yaani kwa sifa alizozisikia kwa watu. Mtutu wa bunduki ni wa kundi hili la pili. Kwa nje ni chuma kilichong'arishwa, na mitutu yote hung'arishwa, mizuri na mibaya. Ubora wake umo ndani ya tundu lisilofika upana wa sentimita moja, na mnunuzi hulipa kwanza, akapiga baadaye, ndipo akajua alichonunua. Kwa hiyo wauzaji wana nafasi kubwa ya kusema, nasi wanunuzi tuna kazi kubwa ya kusikiliza.

Mimi si mtaalamu wa silaha. Kazi yangu tangu ujana ilikuwa kukereza vyuma. Nilijifunza katika karakana ya reli mjini Morogoro, kisha maisha yakanileta Marekani, katika jimbo la Wisconsin, na hapa Milwaukee nimesimama mbele ya mashine ya kerezo mpaka nilipostaafu. Mkerezaji ana ugonjwa wake mmoja: ukimwambia kitu ni kizuri sana, atakuuliza ni kizuri kwa kiasi gani, na umekipima kwa chombo gani. Ugonjwa huu humfanya achoshe watu karamuni, lakini humsaidia anapokwenda dukani.

Bunduki yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba mkwe wangu, aliyefariki mwaka 2016 akamwachia mjukuu wake, ambaye ni kijana wangu wa pili. Ni Savage ya namba 110, bunduki ya bolti isiyo na madoido. Savage walianza kuitoa namba hiyo mwaka 1958, na aliyeisanifu, Nicholas Brewer, aliweka jambo moja ambalo kila fundi wa vyuma akiliona hutabasamu: mtutu hushikiliwa na nati kubwa. Katika bunduki nyingi za aina hii mtutu hukerezwa bega lake kwa kipimo cha bunduki hiyohiyo moja, basi kuubadilisha ni kazi ya fundi mwenye kerezo. Kwa Savage unafungua nati. Brewer alikuwa akitafuta njia ya kupunguza gharama kiwandani; sisi tunaokula matunda yake leo ni akina yakhe tunaotaka kubadilisha mtutu bila kuuza shamba.

Inapiga risasi ya .30-06, yaani ya upana wa sehemu 30 za mia za inchi, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Na hapo ndipo ugonjwa wa mtutu ulipoanzia. Mzee alikuwa mtu wa kubana senti, na kwa miaka mingi alinunua risasi za jeshi za zamani zilizouzwa kwa bei ya bure. Fataki za risasi nyingi za aina hiyo zilikuwa na chumvi ya klorati. Ukipiga, klorati huacha chumvi nyingine ndani ya mtutu, nayo huvuta unyevu wa hewa kama chumvi ya jikoni ivutavyo wakati wa masika, na kutu huanza. Mafuta hayaiondoi. Huondolewa na maji, halafu ndipo unakausha na kupaka mafuta, na wengi hawakujua kwamba bunduki inaweza kuoshwa kwa maji. Nilipoingiza darubini ndogo ya kuchungulia mitutu, niliona ndani mashimo mashimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Mbele ya chemba palikuwa na nyufa ndogo ndogo za moto, kama tope la bwawa lililokauka.

Mnamo Novemba mwaka 2021 kijana wangu alimpiga kulungu yadi 200 hivi kutoka mahali alipokaa. Kulungu wa huku, mwenye mkia mweupe, ana ukubwa wa mbuzi mkubwa sana au zaidi. Hakuanguka. Tulifuata damu katika shamba la mahindi yaliyovunwa, tukaingia kwenye msitu wa kinamasi, tukafuata kwa saa tatu mpaka theluji ikafunika kila kitu. Hatukumpata. Kijana hakula usiku ule. Nilikulia Unyamwezi, kwa watu wenye magobori, na nilisikia wazee wakimsema vibaya mtu anayejeruhi mnyama na kumwacha porini, wakimsema kuliko anayerudi mikono mitupu. Kijana akaniuliza, "Baba, ni mimi au ni bunduki?"

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kumpapasa mtu bega. Tukaenda uwanja wa shabaha, tukaegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, tukapiga risasi kumi katika karatasi yadi 100 mbele yetu, taratibu, tukiacha chuma kipoe. Matundu kumi yalikaa katika upana wa inchi 4 na robo. Sasa fanya hesabu nami, msomaji. Inchi 4 kwa yadi 100 ni inchi 8 kwa yadi 200, kwa kuwa risasi hutawanyika kadiri inavyokwenda. Moyo na mapafu ya kulungu, mahali ambapo risasi humwua upesi, ni eneo la upana wa inchi 8 hivi. Kwa hiyo bunduki peke yake, ikiwa imeshikwa na mchanga, ilikwisha kuila nafasi yote. Haikumwachia kijana hata unywele mmoja wa kutetemeka kwa baridi. Nilimwonyesha hesabu hii kwenye karatasi, naye akaikunja akaitia mfukoni.

Lakini mtutu si wa kwanza kulaumiwa. Huu ni ushauri ninaoweza kuutoa kwa moyo mkunjufu kwa sababu ni wa bure: kabla ya kununua mtutu, angalia vitu vingine vyote. Angalia parafujo zinazoshika darubini, maana moja iliyolegea hutawanya risasi kuliko mtutu mbovu. Pitisha noti ya dola kati ya mtutu na mti wa kitako. Ikikwama, mti unausukuma mtutu, na mti huvimba na kunywea kwa majira. Angalia jinsi chuma kinavyokaa katika kitako. Angalia mdomo wa mtutu, maana hapo ndipo mahali pa mwisho chuma kinapoigusa risasi, na kovu dogo upande mmoja hutoa hewa ya moto upande huo kabla ya mwingine na kuisukuma risasi pembeni. Tulikaza, tukachonga mti, na mdomo niliukereza upya mimi mwenyewe. Tukapiga tena kumi: inchi 3 na robo tatu. Basi. Ule haukuwa ugonjwa wa mdomo, ulikuwa wa koo na tumbo.

Nyumbani mjadala ulikuwa wa namna nyingine. Mama mkwe alisikiliza maelezo yangu yote kwa adabu, halafu akasema, "Mwanangu, ukiondoa mtutu, itakuwa bado bunduki yake?" Kwa sheria ya Marekani jibu ni jepesi: bunduki ni kile kipande chenye namba, na mtutu ni kipuri tu, unaagizwa kwa posta na kuletwa mlangoni. Jambo hilo lilinishangaza sana nilipolijua, maana kwetu huwezi kuagiza kipande cha bunduki kama unavyoagiza kengele ya baiskeli. Lakini mama hakuwa akiuliza habari za sheria. Sikumjibu siku ile.

Na fedha. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, alikuwa katika chuo cha uuguzi huko Tabora, na ada yake ilitoka katika mfuko uleule ambao mtutu ungetoka. Nilijiwekea kikomo cha dola 450 kwa kila kitu, pamoja na vipimo. Nilimwandikia kijana kiasi hicho juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari ili sote wawili tukione kila tunapofungua.

Tulipoanza kusoma matangazo tulikuta kila mtutu umeahidiwa kupiga ndani ya inchi moja kwa yadi 100. Ukisoma maandishi madogo unaona ni kwa risasi tatu. Hapa pana hila, au tuseme pana hisabati iliyonyamaza. Matundu matatu hayajatawanyika kwa kadiri mtutu unavyoweza kutawanya. Ni machache mno. Mtutu uleule ukipiga kumi, upana wa kundi huongezeka, kwa wastani, mara moja na nusu na zaidi. Inchi moja ya risasi tatu ni zaidi ya inchi moja na nusu ya risasi kumi, na hakuna aliyedanganya. Tena mtu akipiga makundi kumi ya risasi tatu tatu, lipo moja litakalotoka dogo kwa bahati, na hilo ndilo litakalopigwa picha. Muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja, nilimwuliza kwa simu kundi la risasi kumi la mitutu yake ni inchi ngapi. Akaniambia wateja wake hawaulizi hivyo.

Tukaja kwenye habari ya jinsi mitutu inavyotengenezwa, na hapa niruhusu niseme kidogo kwa raha yangu. Ndani ya mtutu mna mifereji inayokwenda ikisokota, nayo ndiyo huizungusha risasi isipinduke hewani. Gobori la wazee wangu halikuwa nayo, na ndiyo sababu walilazimika kumkaribia mnyama mpaka wakasikia harufu yake. Njia ya kale ya kuitia mifereji ni kukwangua: kisu kidogo huvutwa ndani ya tundu, kikatoa unga wa chuma mwembamba kuliko karatasi ya sigara, kikarudi tena, mamia ya safari kwa mtutu mmoja. Ni kazi ya polepole na haikikasirishi chuma. Njia ya pili ni ya kifungo: kipande cha kabidi, kigumu kupita chuma, chenye umbo la mifereji, huvutwa mara moja tu na kuikandamiza mifereji ndani. Ni ya haraka na huacha uso laini, lakini chuma hubaki na hasira ndani yake, na lazima kitiwe tanuri kitulie kabla hakijakerezwa kwa nje. Mtengenezaji asiyekituliza vizuri atakuuzia mtutu utakaopinda ukipata moto. Njia ya tatu ni ya nyundo, iliyoanzia Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili: bomba fupi nene hutwangwa kwa nje na nyundo nyingi juu ya fimbo yenye umbo la mifereji, nalo hurefuka kama chapati. Viwanda vikubwa huipenda sana kwa wingi wake.

Wisconsin, kama bahati, ni nyumbani kwa watengenezaji wa mitutu wanaojulikana dunia nzima. Krieger na Bartlein wote ni wa hapa, nao hukwangua. Criterion, wa hapa pia, hutumia kifungo. Shilen wa Texas na Lilja wa Montana ni wa kifungo. Katika mashindano ya kupiga shabaha kwa kuegemeza bunduki mezani, mitutu ya kukwanguliwa na ya kifungo yote imeshinda. Kwangu mimi ubishi wa watu juu ya njia hizi mbili ni kama ubishi wa ugali wa jembe na ugali wa mashine: apishi huonekana kwenye sufuria. Jambo la kuuliza ni kama tundu lina upana uleule toka mwanzo hadi mwisho, na kama mtengenezaji hulisugua kwa mkono na kulipima kabla ya kuuza.

Kuhusu chuma sitakaa sana. Kuna chuma cha kromiamu na molibidenamu kinachopakwa rangi nyeusi, na kuna kisichoshika kutu upesi. Cha pili huaminika kwamba koo lake hudumu zaidi kidogo katika usahihi, nacho ni ghali kidogo. Kwa nyumba iliyokwisha kupoteza mtutu mmoja kwa kutu, uamuzi huu haukuchukua dakika tano.

Msokoto ndio uliotuchukua majuma. Mwaka 1879 George Greenhill, aliyefundisha hisabati maofisa wa mizinga wa Uingereza huko Woolwich, alitoa kanuni fupi: zidisha 150 kwa upana wa risasi uliozidishwa kwa wenyewe, gawa kwa urefu wake, nawe utapata inchi ambazo ndani yake mfereji unapaswa kuzunguka mara moja. Kwa risasi ya kawaida ya greni 165, yenye upana wa inchi 0.308 na urefu wa 1.2, jibu ni karibu 12. Lakini mitutu ya .30-06 tangu zamani huzunguka katika inchi 10, kwa sababu mwaka 1903 jeshi lilikuwa na risasi ndefu nzito ya greni 220, na walipobadili kuwa nyepesi ya greni 150 mwaka 1906 msokoto ukabaki. Wauzaji wengine walitushauri 12, wakisema ni sahihi zaidi kwa risasi nyepesi. Labda, kwa mashindano.

Sisi tulikuwa na sababu ya kubaki na 10, na Kiswahili chetu kimeieleza sababu hiyo kuliko Kiingereza. Sisi husema risasi kwa kitu kinachopigwa, na risasi kwa yale madini mazito ya kijivu. Ni kitu kimoja kwa jina, na kwa miaka mingi kilikuwa kimoja kwa kweli. Madini hayo yakipasuka katika nyama hutawanya vumbi lisiloonekana. Mwaka 2008 huko North Dakota wataalamu wa afya walipima damu ya watu zaidi ya 700, na waliokula nyama ya mawindo walikutwa na madini hayo kwa kiasi cha juu kidogo kuliko wasiokula. Nyama ya kulungu nyumbani kwetu huliwa na wajukuu wadogo. Kwa hiyo tuliamua kutumia risasi za shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, hivyo kwa uzito uleule lazima iwe ndefu zaidi. Niliipima moja kwa kalipa: inchi 1.3. Kanuni ikatoa karibu 11, na nilipotia ule wepesi wa shaba katika hesabu, nikajikuta palepale kwenye 10 ya mwaka 1903.

Unene nao una hesabu yake. Ugumu wa fimbo kutopinda hukua kwa nguvu ya nne ya upana wake: ukiongeza upana kwa robo, ugumu unakuwa karibu mara mbili na nusu. Ndiyo maana mitutu ya mashindano ni minene kama mchi. Lakini mchi huo utaubeba wewe alfajiri, theluji ikiwa magotini, nao faida yake huonekana mtu anapopiga risasi nyingi mfululizo na chuma kikapata moto. Mwindaji hupiga moja, mara chache mbili. Tulichukua unene wa kati na urefu wa inchi 22. Kuongeza inchi mbili kungeongeza kasi ya futi 50 hivi kwa sekunde, kitu ambacho kulungu hawezi kukitambua.

Sasa bei. Mtutu mtupu wa mashindano hupita dola 400, na kazi ya fundi ya kuukereza chemba na kuufunga huweza kufika kiasi kama hicho tena. Mtutu uliokwisha kukerezwa chemba kwa ajili ya nati ya Savage hupatikana kwa dola 300 na kitu hadi 450. Wa kwanza huenda ukapiga kumi katika robo tatu ya inchi, wa pili katika inchi moja na nusu. Kwa yadi 200 inchi moja na nusu ni inchi 3, ndani ya eneo la inchi 8. Imebaki nafasi ya mkono wa kijana, ya pumzi yake na ya baridi. Ile tofauti nyingine ni ya kweli, siipuuzi, lakini ningekuwa ninainunulia karatasi, nayo karatasi haiumii. Wanaosema mtutu ghali hudumu zaidi nao wanahesabu maisha ya mpiga mashindano, anayemaliza risasi elfu kadhaa kwa miaka michache. Mwindaji anayepiga 60 kwa mwaka, mazoezi pamoja, atahitaji miaka 50 kufika 3,000.

Tulinunua wa kifungo, wa kati kwa bei, na vipimo viwili vya chemba. Nati ya zamani ilikataa siku mbili, tukailainisha kwa mafuta ya kupenya na joto kidogo, ikakubali. Unaweka kipimo cha kwanza ndani ya chemba, unafunga bolti, unauzungusha mtutu mpaka uguse, unakaza nati. Kisha unatia kipimo cha pili, ambacho bolti haipaswi kukifungia. Ikifunga, nafasi ni kubwa mno, ganda la risasi laweza kupasuka na moto ukarudi usoni. Kijana alitaka kukiruka kipimo hicho cha pili kwa haraka ya kwenda kupiga. Nilikalia ufunguo wa gari.

Kumi za kwanza: inchi 1.6. Kumi za pili: 1.4. Kijana aliyakata makaratasi yote mawili akayabandika jikoni, yakakaa hapo mpaka mama yake akayatoa wageni walipokuja. Tulitumia dola 431, na ada ya Tabora ilikwenda kwa wakati wake.

Mtutu wa zamani niliupangusa, nikaupaka mafuta, nikampelekea mama mkwe ukiwa umefungwa katika shati la flaneli la mzee mwenyewe. Aliupima uzito mikononi, akauinua dirishani akachungulia ndani. Akasema, "Kumbe ulikuwa umeoza hivi." Kisha akaniambia habari ambayo hakuwahi kuitaja: miaka ya mwisho mzee alikuwa hapigi tena zaidi ya yadi 50, akisema macho yamekwisha.

Msimu wa bunduki hapa Wisconsin ni siku tisa, na hufunguliwa Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Kila Oktoba tunapiga kumi nyingine, tunapima, tunaandika. Daftari linasema risasi 214 zimekwisha kupita katika mtutu huu, na kundi la mwisho lilikuwa inchi 1.5.